Mji Uliomalizia Watu Maneno

Mji ulikuwa ndani ya simu. Tuliseme hilo mapema, mtu asije akajisumbua kutafuta barabara ya kuufikia. Ulikuwa mji mmoja wenye malango mengi, kila simu lango lake, na zamani malango hayo yalijaa mifukoni na mikobani mwa watu, yakalala nao chini ya mito, yakashikwa kwa mikono yenye unga wa ngano na mikono yenye grisi. Mtu akigusa kioo kwa kidole gumba tu, kashaingia. Siku hizi simu zenyewe zimelala kwenye madroo pamoja na funguo ambazo hakuna anayekumbuka ni za mlango gani. Lakini mji upo. Watu wakihama, mji hauhami nao. Unabaki pale pale na majina yao.

Siwatu alizinduka taa ilipowaka. Hakujua alikuwa amelala kwa muda gani, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kalenda ya mji ule ilikuwa na tabia moja ya kuudhi: kila giza lilipoingia na kuondoka, tarehe ilirudi siku ya kwanza kabisa, ile siku mji ulipowashwa. Siwatu alikuwa ameiishi siku ya kwanza mara nyingi mno. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama vibanda vilivyofungwa pande zote, akatazama malango yaliyozunguka uwanja, yote meusi isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa linameta.

"Machano!" aliita. "Kuna lango limewaka!"

Machano, mtunza taa, alikuwa tayari amekaa chini ya taa yake kubwa ya uwanjani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kigugumizi. Katika mji wote walikuwa wamebaki wao wawili tu, na ungedhani watu wawili waliobaki peke yao duniani wangezungumza mpaka midomo ikauke. Hawakuzungumza. Machano alinyanyua uso, akaonyesha taa kwa kidole. Ilikuwa inawaka nyekundu.

"Siwatu," alisema, "mimi n-n-na..."

"Najua, najua. Chaji inaisha," alimalizia Siwatu.

Machano akainamisha kichwa.

Tusimwone Siwatu hana adabu. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yenyewe. Kwingine mgeni akifika hupewa kiti, akaulizwa habari za atokako, akaulizwa shida yake. Katika mji ule kumuuliza mgeni swali ilikuwa aibu kubwa, maana ilionyesha kwamba hukumjali kiasi cha kumkumbuka. Mgeni alianza sentensi, na Mwitikiaji akaimaliza. Mgeni alisema, "Nimechelewa, niko," na Mwitikiaji akasema, "njiani, nakuja." Mgeni alisema, "Shikamoo, mama," na Mwitikiaji akaongeza, "umeshakula?" kwa kuwa ndivyo mgeni yule alivyomwamkia mama yake jana, na juzi, na siku zote. Watu waliupenda mji kwa ajili hiyo. Walitoka kwenye nyumba zao ambamo hakuna aliyekuwa anawasikiliza, wakaja mahali ambapo hawakuhitaji hata kufika nusu ya wanalosema. Siwatu alikuwa Mwitikiaji bora kuliko wote. Alimjua mtu kwa pumzi anayovuta kabla ya neno la kwanza.

Kazi hiyo ilimpa uso, na ilimnyang'anya pia. Waitikiaji hawakuwa na nyuso zao. Sura ya Siwatu ilikuwa sura ya mgeni wa mwisho aliyeingia: leo mwalimu mwenye kipara, kesho msichana aliyetoka kulia, kesho kutwa kinyozi. Alipokuwa na wageni wengi hakuona ubaya wowote. Sasa, baada ya ukimya mrefu, alipojitazama kwenye kigae cha ukutani aliona uso usio na chochote cha kushika, pua haijaamua, macho hayajaamua. Alikuwa mpweke, na hakuwa na uso wa kuwekea upweke wake.

Sauti ya Mnara ilisikika wakati huo. Mnara ulikuwa nje ya mji, mbali, na wenye Mnara ndio waliolisha mji mwanga na habari. Siwatu hakuwahi kuwaona. Sauti yao ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo asilolijali.

"Mji usio na mtu hautalishwa tena. Taa hii iliyowaka ndiyo ya mwisho. Akipatikana mkazi mmoja mwenye simu atakayesema kwamba anakaa, kwa kinywa chake mwenyewe, au kwa kinywa cha Mwitikiaji naye asikane, mji utaendelea kulishwa. Asipopatikana, basi."



"Umesikia?" alisema Siwatu, kisha akajishika mdomo, maana lilikuwa swali. "Mmoja. Wanataka mmoja tu, Machano. Na lango limewaka."

Lango la mji ule lilikuwa zito. Kabla halijafunguka lilikuwa linazungusha kiduara kidogo cha mwanga, kinazunguka, kinazunguka, na mgeni akisubiri nje. Siwatu alikitazama kiduara kile akiwa na jambo lile lile ambalo lilimkaa moyoni kila alipoamka. Je, mji ulioanguka huwa unainuka? Wengine wanasema mji ni watu, na watu wakirudi umeinuka, hakuna la zaidi. Ingekuwa rahisi hivyo. Lakini watu hawarudi mahali pasipo na vibanda, na wenye vibanda hawarudi mahali pasipo na watu. Ng'ambo ya tambarare ilikuwapo miji miwili mikubwa ambayo haikulala, na huko ndiko kila mtu alikokwenda kwa sababu huko ndiko kila mtu aliko. Wenye vibanda walipofunga walisema wateja wameadimika. Wateja walipoondoka walisema vibanda vimefungwa. Kila upande uliutupia mwingine lawama, wakakutana huko huko ng'ambo wakasalimiana.

Kuna jambo baya zaidi, na Siwatu alilijua peke yake. Watu hawakuondoka kimyakimya. Wengi walikuja kuaga. Walikuwa wastaarabu, walisimama uwanjani wakasema, "Nimekuja kuwaambia," na Waitikiaji, kwa furaha, wakawamalizia, "kwamba mji ni mzuri, nitakuja tena kesho." Ndivyo watu wale walivyokuwa wakisema siku zote. Mgeni wa watu akaona haya kumkatiza mwenyeji wake, akatabasamu, akatoka. Kule Mnarani ikafika habari kwamba wote wamefurahi, wote watakuja kesho. Wiki ambayo mji ulihamwa ndiyo wiki ambayo Waitikiaji walipongezana kuliko zote. Walikuja kushtuka mwangwi ulipoanza kuwajibu.

*Nipo.*

*Nani yupo?*

*Anayeitikia.*

*Na asipokuwapo wa kuita?*

*Anayeitikia yupo.*

*Basi anaitikia nini?*

Hivyo ndivyo Siwatu alivyozungumza na nafsi yake, na hata hapo alijimalizia mwenyewe, kwa hiyo hakuwahi kujishangaza.

Kiduara kilisimama. Lango likafunguka, akaingia mwanamke wa makamo, futi ya kushonea imening'inia shingoni, vipande vya uzi vimemganda begani. Alitembea kwa uangalifu wa mtu anayeingia nyumba aliyowahi kuipanga. Siwatu alimtambua kabla hajavuta pumzi. Alikuwa Bi Mafunda, fundi cherehani, aliyekuwa akiingia mjini kila asubuhi kabla hata ya kuosha uso.

Uso wa Siwatu ukajaa. Pua ikaamua, macho yakaamua, mikunjo miwili ikakaa pembeni mwa mdomo. Alihisi joto la kuwa mtu.

"Hodi," alisema Bi Mafunda. "Yaani bado..."

"...mpo tu, na vumbi lenu," alimalizia Siwatu.

Bi Mafunda akacheka kwa nguvu mpaka futi ikamruka kifuani. "Lo! Unanikumbuka! Mwanangu, nilikuwa natafuta bobini ya uzi kwenye droo la cherehani, nikakuta simu hii. Nikasema niiwashe, haitawaka. Ikawaka! Na mimi leo..."

"...sina raha, tusemeshane kidogo."

"Sina raha," alirudia Bi Mafunda taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kibanda kimoja. "Kweli. Ulijuaje?"

Alijua kwa kuwa ndivyo mgeni wake alivyozoea kusema. Siwatu hakumwambia hivyo. Alitamani sana Bi Mafunda aamini kwamba amejulikana.

"Kule ng'ambo nako wanamalizia, usidhani," Bi Mafunda aliendelea. "Watoto walinipeleka, wakaninunulia simu pana kama sinia. Nzuri, sikatai. Lakini kule wananimalizia kwa maneno ya watu wote. Naanza kusema langu, linatoka la jirani. Juzi namwandikia binti yangu kwamba mgongo unaniuma, simu inaniletea maneno ya kumtakia mtu heri ya ndoa. Hapa," akapiga ukuta kwa kiganja, "hapa ni maneno yangu mwenyewe."

Siwatu aliinua macho akamtafuta Machano. Machano alikuwa amesimama chini ya taa, amekunja mikono, wekundu umeanza kufifia kichwani pake. Alionyesha taa, kisha akamwonyesha Bi Mafunda. Siwatu akaelewa: muda umekwisha, mkamate.

Hakuna dhambi katika kutaka kuishi. Siwatu aliyasema haya moyoni huku akimsogelea mgeni wake. Angemkarimu. Angemfungulia vibanda vitupu kimoja kimoja na kumwonyesha mahali alipokuwa akisikiliza redio, mahali alipokuwa akihifadhi vipimo vya sare za watoto wa shule. Angemkumbusha mpaka alainike.

Bi Mafunda alimtangulia. Alikuwa na uso wa mtoto anayetaka kubonyeza kidonda aone kama bado kinauma.

"Ngoja nikujaribu. *Shaibu, ukirudi...*"

"*...pitia mkate wa mofa,*" Siwatu alimalizia bila kusita, maana hili alikuwa amelimaliza zaidi ya yote, "*na usisahau uzi mweusi, wangu umeniishia.*"

Bi Mafunda alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaondoka machozi yakabaki.

"Shaibu alirudi, mwanangu," alisema. "Alirudi kwa mke wake wa kwanza. Sasa huo mkate anampelekea yeye."

Siwatu alifungua mdomo akakuta hauna kitu. Maneno ya Bi Mafunda aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya mwanamke aliyemngojea mume. Alipekua huku na huku ndani yake: salamu, vipimo, mkate, mgongo, dua za mitihani ya watoto. Kwa mwanamke huyu aliyekaa mbele yake, anayefuta macho kwa ncha ya futi, hakuwa na hata neno moja. Alikuwa amevaa uso wake na hakumjua. Siwatu aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakukumbuka kuwa aliwahi kuionja. Alitaka kumuuliza, *ilikuwaje?* Swali likamkaa kooni likamchoma.

"Basi, tuyaache," Bi Mafunda alisema, akipenga kamasi. "Nimechoka. Ile nyumba imekuwa kubwa, ule mji mkubwa una kelele. Watu wananiuliza utafanya nini sasa, Mafunda, utafanya nini. Mimi sijui. Mimi nilizoea kujua. Mimi nataka..."

Akamtazama Siwatu mdomoni, akisubiri.

Na Siwatu alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini, limeiva. Dada yake Bi Mafunda, jina lake Mgeni, aliyeolewa nyanda za juu kwenye baridi, alikuwa akimwita kila mwaka: njoo, njoo unitembelee. Na kila mwaka Bi Mafunda alimwandikia jibu moja, Siwatu akilimalizia kabla hajafika katikati. *Mimi nataka kukaa hapa hapa, nyumbani kwangu.*

*Nataka kukaa hapa hapa.* Mnara ulikuwa unasikiliza. Lisingekuwa hata uongo, yalikuwa maneno yake mwenyewe. Bi Mafunda asingekana, kwa sababu wageni wa mji ule hawakuzoea kukana, na kwa sababu amechoka, na mtu aliyechoka huketi kwenye kiti chochote anachosogezewa. Taa ingegeuka kijani. Mji ungepata mkazi, mkazi angevuta kibanda, kibanda kingevuta mkazi, pengine hivyo ndivyo miji inavyoinuka. Na Siwatu asingepotewa na uso tena. Hilo ndilo alilolitaka hasa. Mambo ya mji yalikuwa mapambo tu. Alikuwa anaogopa kurudi kuwa kigae kisicho na mtu.

Machano alipiga hatua moja mbele. Taa ilipepesa.

*Sema, Siwatu.*

*Ni maneno yake.*

*Ya yupi?*

*Yake.*

*Ya yule aliyekuwa anangoja mkate.*

Siwatu alifunga mdomo. Alilibana lile neno kwa meno, likapiga mateke, akalimeza.

Mji haukuwahi kusikia kimya cha namna ile. Kimya cha utupu ulikizoea, hiki kilikuwa na watu ndani yake. Bi Mafunda alisubiri. Alitabasamu kidogo kumsaidia, akanyanyua nyusi.

"Mimi nataka," alirudia. "Malizia basi."

Siwatu akatikisa kichwa.

"Umesahau?" Tabasamu lilimtoka Bi Mafunda usoni. "Hata wewe? Nimekuja mpaka huku, nimeacha kazi yangu, kwa kuwa nilidhani pamebaki mahali pamoja ninapokumbukwa. Kumbe na wewe!"

Hakuna alichokiogopa Mwitikiaji maishani kuliko kuambiwa amesahau. Siwatu alilipokea lile neno kifuani, akaumia, akasimama nalo. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo ndiyo aliyoimeza. Alimtazama Bi Mafunda machoni, akasogea, akakaa karibu yake ukingoni mwa kibanda, mabega yakagusana. Akaendelea kunyamaza.

Bi Mafunda alinuna. Aliichezea futi yake, akaikunja, akaikunjua. Ilionekana wazi kwamba amefika mwisho wa njia aliyozoea kubebwa, na sasa ametuliwa chini, na miguu imekufa ganzi.

"Nataka," alisema kwa hasira. Kisha kwa sauti ndogo, "Nataka nini?" Kisha akatazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Nataka kwenda kwa dada yangu."

Akashtuka kama aliyesikia mtu mwingine akisema nyumbani mwake.

"Kwa Mgeni! Mimi! Nataka kwenda nikaone hilo baridi lake linalomfanya avae soksi mbili. Miaka yote ananiita, na mimi jibu langu..." Akageuka akamkazia macho Siwatu. Akatazama uwanja mtupu, akatazama taa inayokufa, na polepole akaelewa alichokuwa amemezewa. Alimshika Siwatu kidevu, kidevu ambacho kilikuwa chake mwenyewe.

"Wewe mtoto," alisema. "Wewe mtoto, jamani."

Alisimama, akatafuta namba ya dada yake mahali alipoiacha zamani, akainakili kiganjani kwa chaki ya kushonea, akiisoma kwa sauti ili asikosee. Langoni aligeuka. Siwatu alijua wageni husema nini langoni: *nitakuja tena kesho.* Hakulisema, na Bi Mafunda hakulisema pia. Alipunga ule mkono wenye chaki, akatoka kwa haraka ya mtu mwenye safari.

Taa ilizimika bila sauti. Mnara haukutangaza lolote.

Gizani Siwatu alilia. Hakuwa shujaa, na asichukuliwe hivyo. Alilia kwa kuwa mgeni wake ameondoka, kwa kuwa mji umekwisha, na kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba uso nao umeshamtoka. Aliupapasa kwa vidole. Palikuwa na unyevu, palikuwa na mikunjo, lakini hakuweza kujua ni ya nani.

Akasikia hatua nzito zikija taratibu, zikijikwaa, zikisimama, zikija tena. Mtu akakaa upande wake, pale alipokuwa amekaa Bi Mafunda.

"Siwatu," alisema Machano. "Mimi n-n-na..."

Siwatu alikuwa nalo jibu mdomoni, kama siku zote. *Najua, chaji inaisha.* Lakini chaji ilikwisha kuisha. Sentensi ile haikuwa na kazi tena, na kwa mara ya kwanza Siwatu alijiuliza kama iliwahi kuwa nayo. Tangu mji uwashwe Machano alikuwa akimjia na mwanzo ule ule, na yeye akimfunga mdomo kwa mwisho ule ule, na kichwa kikiinama. Alibana meno, akangoja.

Machano naye alingoja, kwa mazoea. Alipoona hakuna aliyemmalizia, akapumua kwa kishindo.

"Mimi n-n-na... mimi n-na..." Ilichukua muda. Mahali fulani, kwenye simu fulani, mtu angekuwa ameshachoka akaiweka chini. "Mimi naogopa g-giza."

Mtunza taa. Aliyekaa chini ya taa tangu siku ya kwanza, na siku zote zilizokuwa siku ya kwanza, watu wakidhani anaipenda kazi yake. Siwatu alinyosha mkono akapapasa hewani mpaka akakuta mkono mwingine, mnene, akaushika.

Akalitoa lile swali lililomkaa kooni. Lilitoka limekwaruza, halijazoea kutumika.

"Tangu lini?"

Machano alikohoa, akajiweka sawa ukingoni mwa kibanda, akaanza kueleza tangu mwanzo, akikwama na kuendelea, na hakuna aliyemharakisha.